Tumezaliwa Wangapi? Hesabu ya Watu na Kuundwa kwa Taifa

Ndugu msomaji, chukua kalamu na karatasi. Andika majina ya watu wote waliolala nyumbani kwako usiku wa jana. Andika baba, mama, bibi, watoto, na hata mtoto mchanga ambaye bado hajapewa jina. Andika na mgeni aliyelala kwako. Sasa hesabu. Umepata wangapi?

Kazi hiyo ndogo uliyoifanya ndiyo kazi inayofanywa na taifa zima siku ya sensa. Sensa ni hesabu ya watu wote nchini. Nyakunguru inahesabiwa, Tarime inahesabiwa, Serengeti ng'ambo ya Mto Mara inahesabiwa, na Tanzania yote inahesabiwa. Kila mtu anahesabiwa mara moja tu, pale alipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa.

Watu wengine huuliza, "Kwa nini serikali inatuhesabu? Inataka kututoza kodi?" Wazee wengine husema si vizuri kuhesabu watoto wala ng'ombe, kwani ni kuwatafutia mkosi. Katika makala hii tutaeleza maana ya hesabu hiyo. Tutaona jinsi watu wanavyoongezeka, jinsi taifa linavyoundwa, na jinsi mtoto mmoja anayezaliwa Nyakunguru anavyohusika na mambo hayo.

Taifa ni nini?

Taifa lina mambo matatu makubwa. Jambo la kwanza ni watu. Jambo la pili ni ardhi yenye mipaka. Jambo la tatu ni serikali inayoongoza watu hao juu ya ardhi hiyo. Likikosekana moja, taifa halisimami.

Lakini ukitazama historia ya nchi yetu, utaona jambo la ajabu. Mipaka ilikuja kwanza. Watu hawakuulizwa.

Mwaka 1886, Waingereza na Wajerumani walipatana kugawana nchi za Afrika Mashariki. Walichora mstari kwenye ramani. Mstari ule ulianzia mdomo wa mto Umba, pwani ya Bahari ya Hindi. Ukapita kaskazini ya mlima Kilimanjaro. Ukaenda mpaka ufukweni mwa Ziwa Viktoria. Waliochora mstari huo hawakuwa wamefika Tarime. Hawakujua nani anaishi hapo, wala ni watu wangapi.

Mstari huo uliwapasua Wakurya vipande viwili. Wengine wakabaki upande wa Waingereza, nchi ambayo leo ni Kenya. Wengine wakawa upande wa Wajerumani, nchi ambayo leo ni Tanzania. Mtu na shemeji yake wakawa raia wa nchi mbili. Hata leo, ukifika Sirari, unaiona Isebania ng'ambo ya mpaka. Watu wa pande zote mbili wanaelewana kwa Kikurya, wanaoana na wanauziana mazao. Lakini kila mmoja ana bendera yake na serikali yake.

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963. Tarehe 26 Aprili 1964 Tanganyika iliungana na Zanzibar, na baadaye mwaka huo huo nchi mpya ikaitwa Tanzania. Kiongozi wa Tanganyika, Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, alikuwa mtoto wa mkoa wetu wa Mara. Alizaliwa Butiama mwaka 1922. Siku aliyozaliwa hakuna aliyejua kwamba mtoto yule angeongoza taifa. Kila mtoto huzaliwa hivyo, akiwa hajulikani atakuwa nani. Kwa hiyo kila mtoto anastahili kutunzwa.

Tulikuwa wangapi?

Taifa likisha kuzaliwa lazima lijue lina watu wangapi. Sensa ya kwanza baada ya Muungano ilifanyika mwezi wa Agosti mwaka 1967. Tangu hapo tumehesabiwa mara sita. Tazama hesabu hii:

Mwaka 1967 tulikuwa watu milioni 12.3.
Mwaka 1978 tulikuwa watu milioni 17.5.
Mwaka 1988 tulikuwa watu milioni 23.1.
Mwaka 2002 tulikuwa watu milioni 34.4.
Mwaka 2012 tulikuwa watu milioni 44.9.
Mwaka 2022 tulikuwa watu milioni 61.7.

Soma tena mstari wa kwanza na mstari wa mwisho. Palipokuwa na mtu mmoja mwaka 1967, palikuwa na watu watano mwaka 2022. Hiyo ni miaka 55 tu. Bibi aliyezaliwa kabla ya Uhuru ameyaona mabadiliko hayo yote kwa macho yake.

Mkoa wetu wa Mara nao umekua. Mwaka 1967 ulikuwa na watu kama 544,000. Mwaka 2022 ulikuwa na watu kama 2,372,000. Hiyo ni zaidi ya mara nne.

Kwa nini watu huongezeka au hupungua?

Yako mambo matatu tu yanayobadili idadi ya watu: watu kuzaliwa, watu kufa, na watu kuhama. Fikiria zizi la ng'ombe. Ndama wakizaliwa wengi, zizi linajaa. Ugonjwa ukiingia, zizi linapungua. Ukinunua ng'ombe au ukiuza, hesabu inabadilika. Mambo ya watu ni hayo hayo.

Zamani watu walizaa watoto wengi, lakini nchi haikujaa. Kwa nini? Kwa sababu vifo vilikuwa vingi. Katika miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka uliua ng'ombe wengi mno Afrika Mashariki. Njaa ikafuata. Ndui nayo iliua watu. Halafu ikaja Vita Kuu ya mwaka 1914 hadi 1918, na baada yake homa kali ya mafua iliyoenea duniani kote. Mama aliweza kuzaa watoto wanane na kuzika wanne. Ndiyo maana wazee walisema zaa wengi, maana hujui nani atabaki. Katika nyakati zile maneno hayo yalikuwa na sababu.

Wakurya wana desturi inayoitwa nyumba ntobhu. Mwanamke asiyekuwa na mtoto wa kiume humwoa msichana, ili watoto watakaozaliwa wawe wa nyumba yake na jina lisipotee. Desturi hiyo inatuonyesha jinsi watu wetu walivyoogopa mji kubaki bila watoto.

Sasa hali imebadilika. Zahanati zimejengwa. Watoto wanachanjwa surua, polio na pepopunda. Mwaka 1988, katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai nchini, watoto kama 115 walikufa kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa idadi hiyo imeshuka na kufika 33. Hayo ni maendeleo makubwa. Watoto waliokuwa wakizikwa sasa wanakua, wanakwenda shule, wanaoa na kuolewa. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya watu kuongezeka: tunazaa, na watoto hawafi kama zamani.

Jambo la tatu ni kuhama. Mwaka 2002 mgodi mkubwa wa dhahabu wa North Mara ulianza uzalishaji huko Nyamongo. Watu wengi walikuja kutafuta kazi na biashara. Kijiji kinaweza kuongezeka haraka hivyo, hata kama akina mama wa hapo hawakuzaa zaidi.

Ekari kumi na mbili

Sasa tufanye hesabu nyingine. Mzee mmoja ana shamba la ekari 12. Analima mahindi, mtama na mihogo. Ana watoto wanane, wanne wa kiume na wanne wa kike. Tuseme anafuata mila na kuwagawia wavulana peke yao. Kila mmoja atapata ekari 3. Kila mmoja wa hao naye akizaa wavulana wanne na kuwagawia, kila mjukuu atapata robo tatu ya ekari. Je, robo tatu ya ekari italisha familia mwaka mzima?

Lakini mzee huyo amewasahau binti zake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema mwanamke ana haki ya ardhi sawa na mwanamume. Mzee akigawa kwa haki, kila mtoto atapata ekari moja na nusu. Basi tatizo limeonekana mapema zaidi: shamba halizai shamba. Watu wanaongezeka, lakini ekari ni zile zile 12.

Shamba likiwa dogo, watu huanza kugombania mpaka. Wewe unaishi Mara, unajua ugomvi wa mipaka ya mashamba na malisho unavyoweza kuleta mapanga. Ugomvi huo una sababu nyingi. Lakini ardhi kuwa finyu ni kuni katika moto huo.

Na tutazame kijiji. Kati ya mwaka 2012 na 2022 watu wa Tanzania waliongezeka kwa asilimia 3.2 kila mwaka. Maana yake, katika kila watu 100, waliongezeka watu zaidi ya 3 kwa mwaka. Kijiji chenye watu 1,000 kikikua hivyo, baada ya miaka 22 kitakuwa na watu 2,000. Baada ya miaka 44 kitakuwa na watu 4,000. Kama shule ilikuwa na madarasa 7, sasa itahitaji 14, na kisha 28. Kisima kimoja kitahitaji kuwa vinne. Serikali na wananchi wakijenga darasa moja kila mwaka, je, watayafikia mahitaji hayo?

Watu wengi ni nguvu au ni mzigo?

Ndugu msomaji, swali hili lina pande mbili. Watu ni nguvu. Bila watu hakuna mkulima, mwalimu, mganga wala askari. Nchi nyingine duniani leo zinalia kwa kukosa watoto. Japani ni nchi tajiri, lakini watu wake wamekuwa wakipungua kwa zaidi ya miaka kumi sasa. Wazee ni wengi na watoto ni wachache. Shule nyingi huko zimefungwa kwa kukosa wanafunzi.

Lakini mtoto asiyelishwa, asiyesomeshwa na asiyetibiwa hawezi kuwa nguvu ya taifa. Mwaka 1969, alipoeleza Mpango wa Pili wa Maendeleo, Mwalimu Nyerere aliwaambia wananchi kuwa jambo la maana ni uwezo wa kuwatunza watoto vizuri, siyo kufikiria wingi wao tu. Hakuwakataza watu kuzaa. Aliwataka wafikiri.

Nani ahesabiwe?

Nchi ya Marekani ilianza kuhesabu watu wake mwaka 1790, mara baada ya kuundwa. Katiba yao ilisema kila jimbo lipate wabunge kulingana na idadi ya watu. Lakini kulikuwa na dhambi kubwa katika hesabu ile. Mtumwa mmoja alihesabiwa kama sehemu tatu kwa tano za mtu, naye hakuwa na haki ya kupiga kura. Wengi wa watumwa hao walikuwa watu wenye asili ya Afrika.

Hapa Afrika, Sudan Kusini ni taifa changa. Mkataba wa amani wa mwaka 2005 ulitaka watu wote wa Sudan wahesabiwe. Hesabu ilifanyika mwaka 2008. Viongozi wa Kusini waliyakataa matokeo. Walisema watu wao walihesabiwa pungufu. Kwa nini waligombania hesabu? Kwa sababu idadi ya watu inagawa madaraka na mali. Januari 2011 watu wa Kusini walipiga kura, na karibu wote walichagua kujitenga. Taifa la Sudan Kusini likazaliwa tarehe 9 Julai 2011.

Hata hapa kwetu idadi ya watu inabadili utawala. Mwaka 2007 wilaya ya Rorya iliundwa kutoka wilaya ya Tarime. Mwaka 2015 jimbo la uchaguzi la Tarime liligawanywa kuwa mawili, la mjini na la vijijini. Watu wakiwa wengi huhitaji ofisi karibu, mbunge wao na hospitali yao. Sasa fikiria baba anayeficha watoto wake siku ya sensa. Ameficha watoto watatu. Jirani yake ameficha wawili. Serikali ikipanga dawa, madawati na walimu, itapanga kwa watu wachache kuliko waliopo. Watakaokosa madawati ni watoto wale wale waliofichwa.

Karani wa sensa haulizi ili kukutoza kodi. Sheria inamkataza kutangaza habari za mtu mmoja mmoja. Mwaka 2022 makarani walikuja na vishikwambi badala ya makaratasi. Lakini maswali ni yale ya kawaida: jina, umri, elimu, kazi, na watoto waliozaliwa.

Hati ya kuzaliwa

Swali la umri huwasumbua watu wengi. Wazee hukumbuka kwa rika la tohara, au kwa mwaka wa njaa, au mwaka wa Uhuru, au vita ya Kagera ya mwaka 1978. Zamani hilo lilitosha. Siku hizi halitoshi.

Mtoto anapozaliwa anapaswa kuandikishwa. Kazi hiyo inasimamiwa na wakala wa serikali anayeitwa RITA. Kwa watoto walio chini ya miaka mitano, serikali ilianzisha mpango mwaka 2013 wa kuwaandikisha na kuwapa hati bila malipo kwenye vituo vya afya na ofisi za kata. Usingoje mpaka mtoto aanze shule. Mwandikishe mapema, ndani ya miezi mitatu tangu azaliwe.

Hati hiyo ina faida gani? Kwanza, sisi tunaishi karibu na mpaka. Mtoto wetu anafanana na mtoto wa Isebania kwa sura, kwa lugha na hata kwa jina la ukoo. Siku atakapoomba kitambulisho cha taifa ataulizwa, "Wewe ni raia wa wapi?" Hati itamjibia. Ule mstari uliochorwa mwaka 1886 haukumwuliza babu yetu. Lakini sisi tunaweza kuandika mahali watoto wetu walipozaliwa.

Pili, hati inamlinda msichana. Mtu akitaka kumwoza binti wa miaka 14 husema, "Huyu amekua, ana miaka 18." Nani atabisha kama hakuna maandishi? Hati inabisha.

Kuzaa kwa salama

Mama ndiye anayebeba taifa tumboni mwake. Afya yake ni mali ya nyumba yote. Basi tuyashike mambo haya:

1. Mama mjamzito aende kliniki mapema, mara tu anapojua ana mimba.

2. Ajifungulie kwenye zahanati, kituo cha afya au hospitali. Nyumba iweke fedha ya usafiri kabla ya siku kufika. Mvua ikinyesha njia huwa mbaya. Usingoje uchungu uanze ndipo utafute pikipiki.

3. Akitokwa damu, akiumwa kichwa sana, akivimba uso na mikono, au akipata degedege, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

4. Msichana asizae akiwa mtoto. Mwili wake haujakomaa. Mimba za utotoni huua mama na mtoto.

5. Tuache kukeketa. Sheria ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Kovu lake huweza kufanya uchungu wa kuzaa uwe mrefu na kuleta damu nyingi.

6. Baada ya kujifungua, mama apumzike angalau miaka miwili kabla ya kushika mimba nyingine. Mtoto atanyonya vizuri, na mama atapata nguvu.

Kwenye zahanati kuna njia nyingi za kupanga uzazi. Kuna vidonge, sindano, vipandikizi, kitanzi na kondomu. Mwulize mganga au mwuguzi akueleze ipi inakufaa. Baba, usimwachie mama peke yake. Nenda naye. Uzazi wa mpango ni mazungumzo ya watu wawili. Maana yake siyo kuacha kuzaa. Maana yake ni kuzaa kwa wakati unaofaa, idadi mnayoweza kuitunza.

Ndugu msomaji, mkulima mzuri hapandi mahindi bila kupima shamba. Anatazama ardhi, anatazama mbegu, anatazama mvua, ndipo anapanda. Miche ikibanana, shina huwa jembamba na hindi huwa dogo. Mkulima huyo huyo anapaswa kufikiri hivyo juu ya nyumba yake.

Taifa letu lilianza na mipaka iliyochorwa na wageni. Sisi ndio tuliolijaza watu, tukalipa uhuru na jina. Kazi iliyobaki ni kuhakikisha kila anayezaliwa anaandikwa, anahesabiwa, anashiba na anasoma. Kazi hiyo inaanzia nyumbani kwako.

Maswali ya kujadili

1. Taja mambo matatu yanayobadili idadi ya watu. Je, ni lipi lenye nguvu zaidi kijijini kwenu?

2. Shule ya kijiji chenu ina madarasa mangapi? Watu wakiwa mara mbili, yatahitajika mangapi?

3. Ni watoto wangapi katika nyumba yako wenye hati ya kuzaliwa? Ambao hawana, utawaandikisha lini?

4. Shamba lako lina ekari ngapi? Ukiwagawia watoto wako wote, wa kiume na wa kike, kila mmoja atapata ngapi?